Maneno Magumu, Mahali Pagumu: Istilahi za Kiingereza Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Katika maandishi mengi ya Kiingereza yanayohusu kaskazini-magharibi mwa Kenya, yawe ya wanahabari au ya mashirika ya misaada, msomaji hukutana na sentensi moja inayorudiwa kana kwamba ni methali: kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "nowhere", yaani pasipo mahali. Aghalabu sentensi hiyo huwekwa mwanzoni mwa maelezo, baada ya vumbi na jua kali na kabla ya idadi ya wakimbizi. Inapendeza kusomwa. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba si kweli. Neno hilo halimo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, halimo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, wala halina maana hiyo kinywani mwa msemaji wa Kiswahili, awe wa Lamu, wa Unguja au wa Bukavu.

Yamkini wako watakaosema kwamba kosa kama hilo ni dogo, na kwamba taaluma ya uhakiki ina kazi kubwa zaidi ya kufukuzana na wapita njia. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Kosa hilo ni tawi la mti mmoja mkubwa. Kwa zaidi ya karne moja, watu wa Turkana na watu walioletwa Turkana wamebandikwa maneno ya Kiingereza yaliyo adimu, yaliyofichama, mengine yakiwa hata si ya Kiingereza kwa asili. Na maneno hayo yameamua wapi walale, wapi wasifike, na nani arudishwe alikotoka. Wataalamu wa Kiswahili, hususan wahakiki wa fasihi, wameyaachia maneno hayo wanasheria na maofisa, kana kwamba matini isiyokuwa riwaya wala utenzi haina la kuhakikiwa. Palipohitajika tafsiri, wametoa mojawapo ya majibu mawili: ama kulihifadhi neno la Kiingereza kama hirizi, ama kuliundia neno la Kiswahili lenye giza lilelile.

Dai linalotetewa hapa ni jepesi kulieleza ingawa ni gumu kulitekeleza. Maana ya neno gumu haikamiliki katika kamusi. Hukamilika pale mtu anayebandikwa neno hilo anapoweza kulibishia.

Neno lisilokuwapo

Inafaa kuanza na sarufi. Kiswahili hakina nomino moja inayobeba dhana ya "nowhere". Kina ngeli tatu za mahali, yaani pa-, ku- na mu-, na msemaji akitaka kukana mahali hana budi kutumia kauli nzima: hapana mahali, hakuna kokote, hamna humo. Kwa maneno mengine, katika Kiswahili mahali hapakanwi kwa jina. Hukanwa kwa kauli, na kauli ina msemaji wake, naye aweza kudaiwa ushahidi. Inawezekana kwamba mfanano wa sauti baina ya "Kakuma" na "hakuna" ndio uliompotosha mgeni wa kwanza ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha hotelini. Liwalo na liwe, waliomfuata hawakuuliza. Walinakili.

Pili, jina hilo ni la nchi ya Waturkana, na anayetaka maana yake alipaswa kuitafuta katika Kiturkana, lugha ya Kiniloti cha Mashariki isiyo na udugu wowote na Kiswahili. Ramani peke yake ingetosha kumzindua. Kalokol, Kataboi, Kaputir, Kalobeyei: silabi ileile hujirudia mwanzoni mwa jina baada ya jina, jambo linaloonyesha kwamba kuna utaratibu wa lugha nyingine unaofanya kazi hapo. Zaidi ya hayo, Kakuma ulikuwa mji mdogo kando ya Mto Tarach kabla ya kambi kuanzishwa mwaka 1992. Mto huo ni wa msimu, lakini mchanga wake huficha maji, na penye maji katika nchi kavu hapajawahi kuwa pasipo mahali.

Kwa nini basi kosa hilo limedumu? Limedumu kwa sababu lina kazi. Mahali pakishaitwa pasipo mahali, hapana mtu aliyekuwapo. Na kama hapakuwa na mtu, kambi haikujengwa katika ardhi ya yeyote. Mzaha wa etimolojia unageuka kuwa hati ya ardhi. Wala jambo hilo si geni Turkana. Mwaka 1888 msafara wa Teleki ulilifikia ziwa ambalo wakazi wake walikuwa na majina yao wenyewe ya kuliita, ukalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Jina hilo lilibaki kwenye ramani hadi mwaka 1975. Teleki alau alikuwa mkweli: hakudai kwamba Rudolf ni neno la Kiturkana. Wanaodai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili wamekwenda hatua moja mbele, kwa kuwa wamewafanya Waswahili kuwa mashahidi wa uongo bila ya wenyewe kujua.

Lodwar na maneno ya kuzuia

Kabla ya Kakuma kujulikana duniani, jina la Turkana lililofika mbali lilikuwa Lodwar. Nalo pia lilifika likiwa limefungwa ndani ya maneno ya sheria. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya mwaka 1902 iliyohusu wilaya ilizoziita "outlying", na kwa sheria hiyo wilaya iliweza kutangazwa kuwa imefungwa, asiingie mtu bila kibali. Turkana ikawa miongoni mwa maeneo yaliyofungwa. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine, ya wilaya "special", ambayo iliwapa maofisa uwezo mkubwa juu ya mienendo ya watu na mifugo yao.

Maneno hayo mawili hayaonekani kuwa magumu. Huo ndio ugumu wake. "Outlying" maana yake ni kilichokaa nje, na neno nje halina maana mpaka ijulikane ndani ni wapi. Kwa mchungaji wa Kiturkana, iliyokuwa nje ni Nairobi. Ama "special", kamusi yoyote ya Kiingereza na Kiswahili itatoa "maalumu", na mtafsiri mwaminifu ataandika "wilaya maalumu" akaona kazi imekwisha. Lakini maalumu katika Kiswahili ni neno la heshima: mgeni maalumu hupewa kiti cha mbele. Mtafsiri huyo atakuwa ameandika neno sahihi na kusema uongo. Kosa hilo halikuishia ukoloni, kwani hata leo maeneo ambamo mkimbizi analazimishwa kukaa huelezwa kwa urahisi kuwa "maeneo maalumu".

Mfano ulio mzito zaidi ni wa mwaka 1959. Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria mwaka 1953 na kufungwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, alimaliza kifungo chake mwaka huo. Hakuachiwa. Alipelekwa Lodwar chini ya kile ambacho Kiingereza cha sheria kilikiita "restriction". Huko alikaa hadi Aprili 1961 alipohamishiwa Maralal, na akaachiliwa Agosti mwaka huohuo. Kisheria, mtu wa Lodwar hakuwa mfungwa tena, wala hakuwa katika hali iliyoitwa "detention". Alikuwa mtu huru asiyeweza kuondoka.

Kiswahili kililitazamaje jambo hilo? Kilichukua kitenzi kimoja, zuia, kikakiachia kazi yote: kizuizi, kizuizini, mzuiliwa, kuzuiliwa. Kitabu cha J. M. Kariuki kuhusu kambi za dharura, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1963, kilipopata mavazi ya Kiswahili kiliitwa Mau Mau Kizuizini. Wapo watakaoona hapo umaskini wa msamiati: Kiingereza kina maneno mawili au matatu, Kiswahili kina shina moja. Hoja hiyo yafaa igeuzwe. Kiingereza kilitenganisha kwa majina hali ambazo kwa mtu aliyezimo zilikuwa na sura moja, nayo ni kutokuwa na ruhusa ya kwenda. Kiswahili kilizirudisha kwenye shina lake. Anayesikia "amezuiliwa" huuliza mara moja: na nani, na kwa nini? Kauli ya kutendwa humdai mtenda. Nomino "restriction" haimdai mtu yeyote.

Hata hivyo haki itendeke. Tofauti baina ya hali hizo si ndoto ya wanasheria tu. Mtu aliyewekewa mipaka ya wilaya aliweza kuishi na jamaa zake, na mfungwa hakuweza. Kiswahili kikiifuta tofauti hiyo kabisa, kitamnyima anayezuiliwa uwezo wa kudai kile kidogo anachostahili. Kwa hiyo linalotakiwa ni kuieleza tofauti: "kuzuiliwa gerezani", "kuzuiliwa bila hukumu", "kuzuiliwa kutoka wilayani". Vifungu hivyo ni virefu, lakini urefu wake unabeba maana inayoweza kushikwa.

Historia ya fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla alitoa kijikaratasi Kenya: Twendapi?, na serikali ya mtu yuleyule aliyezuiliwa Lodwar ikamtia gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Kosa lake kwa Kiingereza lilikuwa "sedition", neno ambalo Mwingereza wa kawaida mwenyewe angesitasita kulifafanua. Kwa Kiswahili liliitwa uchochezi. Tofauti ni kubwa. Uchochezi ni neno la jikoni. Kila aliyepika amechochea moto, naye anajua kwamba mchochezi hakuumba kuni wala hakuziwasha. Neno linalotoka jikoni laweza kujibiwa hata na asiyesoma sheria. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kinaya hicho hakihitaji maelezo.

Kakuma na maneno ya kuokoa

Ikiwa Lodwar iliteswa na maneno ya kuzuia, Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka hapo, inaishi kwa maneno yanayodai kuokoa. Kambi na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016 sasa yana watu takriban laki tatu, wengi wao wakiwa wa Sudan Kusini na Somalia, pamoja na Wakongo na Warundi wengi ambao Kiswahili si kigeni kwao. Watu hao wote hutazamwa na sheria kupitia maneno machache.

Neno la kwanza ni "asylum". Asili yake ni ya Kigiriki: mahali ambapo haijuzu kumkamata wala kumpora aliyekimbilia. Lakini Kiingereza hichohicho kilikuja kulitumia kwa nyumba za kufungia wenye maradhi ya akili. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilikuwa "asylum" tangu mwaka 1910, mpaka jina lake lilipobadilishwa mwaka 1924. Neno moja, basi, lilitaja kukingwa na kufungiwa. Anayedhani kwamba msamiati wa Kiingereza daima ni makini na kwamba Kiswahili ndicho chenye utata na alitafakari neno hilo. Kiswahili kina hifadhi, himaya na kimbilio. Hifadhi nayo ina dosari yake, kwani hutumika pia kwa wanyama na kwa nyaraka, vitu ambavyo huhifadhiwa bila kuulizwa. Kimbilio ndilo humfanya aliyekuja kuwa mtenda: alikimbia, akachagua pa kukimbilia.

La pili hata si la Kiingereza: "prima facie". Maana yake kwa Kilatini ni kwa kuonekana mara ya kwanza. Kwa sheria za wakimbizi, mtu anayetambuliwa kwa namna hiyo hahitaji kuthibitisha peke yake kwamba anahatarishwa. Hali ya nchi yake inatosha kuwa ushahidi. Mwezi Aprili 2016 serikali ya Kenya iliondoa utambuzi huo kwa Wasomali. Maneno mawili ya Kilatini yalitoweka katika Gazeti la Serikali, na kuanzia hapo kila mtu aliyefika alipaswa kusimulia msiba wake mmoja mmoja mbele ya ofisa. Ni wangapi kati yao waliojua ni neno gani limeondolewa? Kulieleza hakukuhitaji elimu kubwa: "zamani ulitambuliwa pamoja na wenzako, sasa utapimwa peke yako." Mtu akiambiwa hivyo anaweza kuuliza kwa nini.

La tatu ndilo lenye mafunzo makubwa kuliko yote. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika ibara ya 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utahatarishwa. Watunzi wa matini ya Kiingereza waliona kwamba kitenzi chao cha kurudisha hakikutosha. Wakakiwekea pembeni yake, ndani ya mabano, kitenzi cha Kifaransa "refouler", yaani kusukuma nyuma. Humo ndimo lilimotoka neno "refoulement" ambalo leo kila mwanasheria wa haki za binadamu hulitamka. Yaani lugha inayosifiwa kuwa haikosi neno ilikosa neno, ikaazima hadharani, na haikuona haya. Kiswahili kina rudi, rudisha, rudishwa, na kina njia ya kuongeza mahali na hali: kutorudishwa hatarini. Maneno hayo mawili yanasema kila kinachosemwa na neno la Kifaransa, na mama mwenye mtoto mgongoni mbele ya meza ya usajili anaweza kuyatamka.

Pingamizi moja la nguvu lisifichwe. Maneno hayohayo magumu yamewaokoa watu. Mwezi Julai 2013 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha amri ya kuwahamishia makambini wakimbizi wa mijini. Februari 2015 ilifuta kifungu kilichotaka idadi ya wakimbizi isizidi 150,000. Februari 2017 ilikataa uamuzi wa kuifunga Dadaab. Katika mabishano hayo, katazo la kurudisha watu hatarini, kwa jina lake la Kifaransa, lilikuwa miongoni mwa silaha. Basi asiyeelewa asiseme kwamba maneno hayo ni takataka za wakoloni zitupwe. Ni ufunguo. Malalamiko ni kwamba ufunguo unashikwa na wakili aliyeko Nairobi, na aliyefungiwa haambiwi kwamba upo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inataka mshtakiwa apewe taarifa kwa lugha anayoielewa. Lugha anayoielewa si jina la lugha tu. Kiswahili kilichojaa Kilatini nacho si lugha anayoielewa.

Waliopotea na waliowapoteza

Fasihi yenyewe haina mikono safi. Vijana wa Sudan waliofika Kakuma mwaka 1992, baada ya kukimbia nchi yao hadi Ethiopia na kuondoka huko serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991, walipewa jina la "Lost Boys". Jina hilo limetoka jukwaani. Katika tamthilia ya J. M. Barrie, Peter Pan, iliyoigizwa London mara ya kwanza Desemba 1904, ni watoto walioanguka kutoka kwenye vigari vyao bila yaya kuwaona, wakapelekwa katika kisiwa cha njozi ambako hakuna anayekua.

Msomaji wa Uingereza au Marekani huitambua dokezo hiyo na kuguswa. Vijana wenyewe hawakuwa wameisoma. Linganisha maana na mambo yalivyokuwa. Hawakuanguka kwa uzembe wa yaya. Vijiji vyao vilishambuliwa. Hawakupotea, walitembea mamia ya kilomita wakijua wametoka wapi. Hawakubaki watoto; walikua kabla ya wakati. Na jina lenyewe liliwasahau wasichana, ambao walikuwamo safarini lakini walikuwa wachache mno miongoni mwa maelfu waliochukuliwa kwenda Marekani mwaka 2000 na 2001. Kwa Kiswahili, mhakiki angelazimika kuuliza: wamepotea au wamepotezwa? Kiambishi kimoja, na kesi nzima inageuka.

Jina jingine huwahusu Waturkana. Katika nyaraka za Kakuma wao huitwa "host community". Kiingereza kina maneno mawili yenye umbo hilo la "host". Moja ni la mwenye kupokea wageni. Jingine, lililo adimu siku hizi, ni la jeshi, na asili yake ya Kilatini ni adui. Wanaisimu huyarudisha yote mawili kwenye shina moja la kale lenye maana ya mgeni. Ajabu ni kwamba Kiturkana nacho kina neno emoit, linalomtaja mtu wa kabila jingine na adui kwa pamoja. Hakuna lugha isiyokuwa na hatia katika jambo hili, na anayewatukuza wenyeji kwa kuwachafua wageni, au kinyume chake, hatapata msaada katika kamusi. Kiswahili husema mwenyeji, yaani mwenye mji. Neno hilo linadai swali ambalo Kiingereza kinalikwepa: mwenye mji aliulizwa? Tena lina methali yake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali inampa mgeni kazi baada ya siku mbili. Sheria, kwa miaka mingi, ilimnyima jembe na kibali cha kutoka, ikaliita hilo ulinzi.

Majibu kwa wapinzani

Kundi la kwanza la wapinzani hudai kwamba istilahi za Kiingereza hazitafsiriki bila kupoteza umakini wake. Hao wamesahau historia ya lugha wanayoitetea. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya Robert Cawdrey, iliyotoka London mwaka 1604, ilikuwa orodha ya maneno magumu tu, na mtungaji wake alitamka waziwazi kwamba aliikusudia kwa wanawake na kwa wasiosoma sana. Yaani kamusi ya Kiingereza ilizaliwa kwa sababu Waingereza wenyewe hawakuelewa Kiingereza cha wakubwa wao. Ikiwa bibi wa London mwaka 1604 alistahili ufafanuzi, mkimbizi wa Kakuma anastahili zaidi, kwani bibi yule alitaka kuelewa mahubiri, na huyu anataka kujua kama atafukuzwa.

Kundi la pili liko nyumbani. Ni la wale wanaoamini kwamba dawa ni kuunda neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza. Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, kilichochapishwa mwaka 1992, kiliwafaa sana wataalamu kwa kuweka taratibu za kazi hiyo. Lakini utaratibu wa kuunda si utaratibu wa kueleweka. Neno lililofufuliwa kutoka lahaja iliyosahauliwa, au lililokopwa Kiarabuni ili kukwepa Uingereza, laweza kuwa kufuli jipya katika mlango uleule. Uhakiki wa fasihi unalijua jambo hili vizuri mno, kwa kuwa umejijazia istilahi ambazo mwanafunzi huzikariri kwa mtihani na kuziacha mlangoni anapotoka. Njia iliyo bora imeonyeshwa na Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila ya mwaka 2003, ambayo haikutosheka kutoa visawe bali hufafanua kila istilahi kwa maelezo. Hiyo ndiyo njia inayohitajika pia nje ya darasa.

Wala jina la Kiswahili pekee halitoshi. Mwaka 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuyageuza makambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Shirika ni neno zuri: ni ubia, ni kushirikiana. Lakini Kakuma neno hilohilo, katika wingi wake, limekuwa likiwataja wenye magari meupe wanaogawa chakula. Mkazi akisikia "shirika" anasikia lipi kati ya hayo mawili, ubia au mfadhili? Asipoweza kuuliza na kujibiwa, neno la Kiswahili litakuwa gumu kama la Kilatini.

Hitimisho

Linalotakiwa kwa wahakiki si huruma. Wakimbizi wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kujisemea: tangu mwisho wa mwaka 2008 baadhi yao wamekuwa wakichapisha gazeti lao la KANERE kutoka Kakuma, kwa Kiingereza, wakiyageuza maneno ya wakubwa yawajibu wakubwa. Linalotakiwa ni kazi ya taaluma. Sheria, amri, fomu za usajili na matangazo ya Gazeti la Serikali ni matini. Zina msimulizi anayejificha, zina taswira, zina kimya. Idara zinazofundisha kufichua usemi wa msimulizi katika riwaya hazina udhuru wa kuziacha. Zikizisoma, na zisome kwa Kiturkana pia, kwa msaada wa wenye lugha, ili kosa la Kakuma lisirudiwe na Waswahili juu ya wengine.

Kipimo ni kilekile kilichotajwa mwanzoni. Neno likishatafsiriwa, lisipelekwe kwanza kwenye kamati. Lipelekwe kwenye foleni ya usajili Kakuma na kwenye baraza la chifu Lodwar, aulizwe anayeitwa kwalo: "Je, ni kweli?" Akiweza kujibu "si kweli, na sababu ni hii", neno hilo limepata maana. Akinyamaza, tafsiri bado haijafanyika.